Betri Isilale Njaa

 

Juma hili nataka tuangalie kitu ambacho karibu kila nyumba inacho na hakuna aliyewahi kukiona: karatasi mbili za metali zilizomo ndani ya betri ya lithiamu. Moja ni ya shaba, nyingine ni ya alumini. Zikiwa nzima, simu inaita, taa ya sola inawaka, mtoto anamaliza kazi ya shule. Zikiliwa, betri imekwisha, hata kama ganda lake la nje halina mkwaruzo. Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema kwa faida ya mwenye haraka: kiwanda huzikinga karatasi hizo nusu ya njia tu. Nusu iliyobaki iko mikononi mwa mwenye betri, na huku kwetu Bujumbura tunaipoteza zaidi kwa kuiacha betri ilale njaa.

Kwa nini nazungumzia jambo hili leo? Kwa sababu maisha yetu yamehamia kwenye betri bila sisi kutangaziana. Ni kweli vyanzo vya umeme vimeongezeka. Kituo cha sola cha Mubuga, kule Gitega, kilianza mwaka 2021 kikiwa na megawati 7.5. Bwawa la Rusumo kwenye mto Kagera lina megawati 80, na tunagawana na Rwanda na Tanzania. Hata hivyo delestaji, yaani mgao wa umeme, tunaijua sote, na tangu petroli iwe ya kutafutwa kwa foleni, jenereta nyingi zimenyamaza. Umeme ukikatika jioni hapa mtaani kwangu Mutanga Sud, utaona mwanga mweupe kwenye madirisha. Huyo ana taa ya sola, yule ana pawabenki, jirani ana invata na betri zake sebuleni. Wanafunzi wanaopanga vyumba karibu na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi wanasomea mwanga wa simu. Zamani betri ilikuwa ya redio na ya gari. Siku hizi ni kitu cha kila siku, na cha kila siku ndicho tunachokizembea.

Haya, tuingie ndani ya betri. Mimi nakusimulia, wewe usiifungue.

Ukiikunjua seli moja ya lithiamu, ile ya duara inayofanana kwa umbo na betri ya tochi, unakuta ukanda mrefu uliokunjwa. Ndani ya ukanda huo mna karatasi ya shaba iliyopakwa unga mweusi wa grafiti. Huo ndio upande hasi. Mna karatasi ya alumini iliyopakwa unga mwingine mweusi wenye lithiamu. Huo ni upande chanya. Katikati yao umepita utando mwembamba wa plastiki ili pande mbili zisigusane, na vyote vimelowa kimiminika kiitwacho elektroliti. Unga ndio unaohifadhi umeme, lakini unga peke yake hauwezi kuufikisha kwenye waya. Kazi ya karatasi ya metali ni kuukusanya umeme kutoka kila punje ya unga na kuutoa nje, kisha kuurudisha ndani wakati wa kuchaji.

Karatasi hizo ni nyembamba mno. Ya shaba mara nyingi ina mikroni 6 hadi 10, yaani milimita moja ukiigawanya mara elfu, wewe unachukua sehemu 6 au 10 tu. Ya alumini ina mikroni 10 hadi 20. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko zote mbili. Kutu ikitoboa bati la paa lako, utaona tundu na utatafuta fundi. Hapa metali ikiliwa mikroni chache, hakuna tena pa kupitisha umeme, na hutaona kitu.

Shaba hiyo si ngeni kwetu. Sehemu yake inachimbwa na ndugu zetu wa Lualaba na Haut-Katanga kule Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki unachokisikia. Inasafiri hadi viwanda vya mbali, hasa China, inageuzwa kuwa karatasi, kisha inarudi Bujumbura ikiwa ndani ya simu.

Sasa swali la kujiuliza: kwa nini metali mbili? Kwa nini wasitumie moja pande zote, wapunguze gharama?

Alumini ni rahisi, na uzito wake haufiki theluthi moja ya uzito wa shaba. Lakini ukiiweka upande hasi, lithiamu inaingia ndani yake wakati wa kuchaji, inaivimbisha na kuivunjavunja. Shaba nayo ni kinyume. Upande hasi inatulia, ila ukiipeleka upande chanya, kwenye volti ya juu, inayeyuka na kuingia kwenye elektroliti. Kila metali ina makao yake, na ikihama makao yake inakufa.

Tatizo gumu lilikuwa upande chanya. Betri ya lithiamu inafika volti 4 na zaidi, na katika hali hiyo metali nyingi huliwa. Wakati mmoja iliaminika kwamba ni dhahabu na platini tu zinazoweza kustahimili hapo. Nani angenunua simu yenye karatasi za dhahabu? Aliyefungua njia ni Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei, Japani, katika miaka ya 1980. Aligundua kwamba alumini, metali ya bei nafuu, inastahimili volti hiyo kwa sababu inajitengenezea ngozi ya kujikinga. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaingiza betri ya lithiamu sokoni, na mwaka 2019 Yoshino akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na John Goodenough na Stanley Whittingham. Watu wengi wakiisimulia habari hiyo husifu lithiamu. Mimi naisifu pia ile karatasi ya alumini, maana bila ngozi yake betri hizi zingebaki maabara.

Ngozi hiyo unaijua, mama unayenisikiliza ukiwa jikoni. Chukua sufuria ya alumini. Haishiki kutu nyekundu, ingawa alumini kwa asili ni metali yenye pupa ya kuungana na hewa. Inapoungana na hewa tu, juu yake kunatanda oksidi nyembamba na ngumu, na hewa haipiti tena. Ukiisugua kwa mchanga inang'aa, na papo hapo ngozi inarudi. Lakini chemsha maharage na magadi ndani yake uone inavyokuwa nyeusi. Laza humo mchuzi wenye chumvi na ndimu siku mbili tatu, utakuta vidoadoa, kisha vitundu. Ngozi ina adui zake: magadi huimenya, chumvi huitoboa kidogo kidogo.

Ndani ya betri mambo ni hayo hayo, na sizungumzi kwa mafumbo. Chumvi ya lithiamu inayotumika zaidi kwenye elektroliti ina florini ndani yake, na florini hiyo inaiongezea alumini ngozi ya pili, ya floridi ya alumini, juu ya ile ya oksidi. Hiyo ni bahati kubwa ya kemia. Ziko chumvi nyingine za lithiamu, za jamii ya imidi, zinazovumilia joto kuliko hii ya kawaida. Wahandisi walizipenda, halafu wakakuta kwamba volti ikipita 3.7 hivi, zinaitoboa alumini vitundu vitundu. Ndiyo maana hutumiwa kwa tahadhari. Ama zinachanganywa na chumvi ya kawaida, ama zinaongezwa viungo vyenye boroni vinavyosaidia kujenga ngozi, ama zinawekwa nyingi mno hata kimiminika kinakosa nafasi ya kuibeba alumini inayotaka kuyeyuka.

Na magadi je? Yamo pia. Viwanda vinajaribu kupaka unga wa upande chanya kwa kuuchanganya na maji badala ya kemikali yenye sumu iliyozoeleka. Lakini unga huo ukilowa maji hugeuka kuwa na ukali wa magadi, na unaanza kuila karatasi siku ile ile inapopakwa. Dawa ya viwanda ni kutandika kwanza tabaka jembamba la kaboni juu ya alumini. Kaboni inapitisha umeme vizuri na papo hapo inazuia ukali usiifikie metali. Karatasi ya shaba nayo hupakwa dawa kiwandani ili isichakae kabla haijatumiwa. Vyumba vya kuundia betri hukaushwa hewa kupita kiasi, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye elektroliti, ile chumvi yenye florini inazaa asidi ya hidrofloriki, asidi ambayo haina huruma na betri wala na mapafu ya mtu.

Hiyo ndiyo nusu ya kiwanda. Sasa tuje kwenye nusu yetu, na hapa naitaja shaba, kwa sababu shaba haina ngozi ya kuitegemea kama alumini. Inayoikinga shaba ni chaji iliyobaki ndani ya betri.

Sikiliza kisa hiki: nilimsindikiza mama mmoja wa mtaani kwetu kwa fundi. Alikuwa amebeba taa ya sola ndani ya kitenge.

Akasema, "Fundi, mwanangu, taa hii hata haijazeeka. Nimeiweka kabatini tangu umeme ulipotulia kidogo. Sasa umeanza tena kukatika, naiwasha, haiwaki."

Fundi akauliza, "Mama, uliiweka ikiwa na chaji?"

"Nitajuaje? Niliitumia mpaka ikazima yenyewe, nikaiweka."

Fundi akafungua skrubu nne, akatoa seli moja ya rangi ya buluu, akaigusisha ncha mbili za mita. Mita ikasoma volti 0.7. Akatikisa kichwa. "Mama, nikiiamsha hii itawaka, na utafurahi. Ila mimi nisingeiweka kwenye chumba wanacholala wanangu."

Msikilizaji, fundi yule alisema neno ambalo wengi hawalisemi, kwa sababu kuamsha betri ni biashara. Unachukua seli iliyokufa, unaishtua kwa waya kutoka seli nyingine yenye nguvu, volti inapanda, chaja inaikubali, mteja analipa. Tatizo ni yaliyotokea ndani wakati seli imelala.

Seli ya kawaida ikijaa ina volti 4.2, na watengenezaji wengi wanataka isishuke chini ya 2.5 au 3. Namba unayoiona kwenye mita ni tofauti kati ya pande mbili. Seli ikiwa na chaji, upande wa shaba unakaa chini kabisa, na huko chini shaba ni salama. Chaji ikiisha, upande huo unaanza kupanda kuufuata ule wa alumini. Mita ikikaribia sifuri, maana yake pande mbili zimelingana, na shaba imefikishwa kwenye kimo kisicho chake. Hapo inaanza kuyeyuka. Karatasi inatoboka, unga unabanduka, na shaba inaelea ndani ya elektroliti.

Halafu anakuja mtu kuiamsha. Chaji inapoingia, ile shaba iliyoyeyuka inataka kurudi kuwa metali, lakini hairudi ilikotoka. Inajishika popote, inaota nyuzi nyembamba, na uzi mmoja ukipenya ule utando wa plastiki wa katikati, pande mbili zimegusana. Seli inaweza kuwasha taa leo na kesho, kisha ikaanza kupoteza chaji yenyewe, kupata joto, kuvimba, na pengine kuwaka moto ikiwa mezani. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimo ndani ya ganda usiloweza kulifungua. Kanuni inayofuatwa na wajuzi ni fupi: seli iliyokaa zaidi ya wiki moja chini ya volti 1.5 haiamshwi. Inatolewa kwenye kazi.

Utaniuliza: mbona taa ilijizima yenyewe, si kuna bodi ya ulinzi ndani? Ndiyo, ipo, na inakata mapema ili kuokoa shaba. Lakini bodi nayo inakula umeme kidogo ili iwe macho, na seli yenyewe inavuja chaji polepole. Betri iliyokatwa ikiwa imebakiwa na akiba ndogo, ukiisahau kabatini msimu mzima, akiba hiyo inaisha. Ndiyo maana nasema njaa. Kuitumia betri kila siku kunaizeesha taratibu, kama kazi inavyomzeesha yeyote. Kuiacha tupu kwa miezi kunaiua upesi, na kuna hatari zaidi.

Nje ya seli pia kuna metali, nayo nitaitaja kwa kifupi. Mafundi wanaounganisha seli nyingi kuwa betri moja kubwa ya invata au ya pikipiki hutumia vipande vya ukanda wa nikeli. Nikeli safi haishiki kutu kirahisi. Sokoni, hata hivyo, kuna ukanda wa chuma uliopakwa nikeli juu juu, nao kwa macho hauna tofauti. Upo mtihani ambao fundi yeyote anaweza kuufanya: kata kipande, kikwaruze kwa msumari, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya chumvi, kiache usiku kucha. Asubuhi ukiona maji ya kahawia na kutu kwenye mkwaruzo, hicho ni chuma. Kina ukinzani mkubwa zaidi, kinapata joto umeme mwingi ukipita, na kutu ikiingia kwenye maungio, betri yote inalegea. Sisi wa Bujumbura tuna nafuu, ziwa letu si la chumvi. Ndugu zetu wa Mombasa na Unguja, wenye upepo wa bahari unaokula hata misumari, wanahitaji mtihani huo kuliko sisi.

Sisi adui yetu mkubwa ni joto. Ile chumvi yenye florini haipendi joto. Likizidi inavunjika, na pakiwa na unyevu hata kidogo inazaa ile asidi niliyoitaja. Betri iliyobanwa kati ya dari na bati, au iliyoachwa ndani ya gari juani mwezi wa nane, inazeeka kwa kasi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuizuia. Invata yako ikae chini, mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na godoro.

Sasa tufanye nini? Kwanza, kifaa chenye betri ya lithiamu kisiwekwe kabatini kikiwa kimeishiwa chaji. Kichajiwe mpaka kifike nusu hivi, ndipo ukiweke, na kila baada ya miezi miwili au mitatu kitoe ukiongeze. Hiyo ndiyo kinga ya shaba, na gharama yake ni kukumbuka tu. Pili, ukinunua betri iliyoundwa kwa seli zilizotumika, usiulize ina amperi ngapi pekee. Muulize fundi: seli hizi ulizikuta na volti ngapi kabla hujazichaji? Fundi mwaminifu anayo namba hiyo. Asiyekuwa nayo hakupima, au alipima na hataki kusema. Tatu, betri iliyovimba, au yenye kutu kwenye mdomo wake na harufu ya ajabu, isitobolewe, isichomwe ili kutoa shaba, isitupwe kwenye takataka zinazokwenda jaa la Buterere ambako kuna watu wanaochambua kwa mikono mitupu.

Hapo ndipo pana deni letu la pamoja. Rwanda ina kiwanda cha Enviroserve kule Bugesera kinachopokea taka za elektroniki. Nairobi wana WEEE Centre. Seli moja mbovu haina thamani ya nauli ya kuvuka mpaka, lakini wafanyabiashara wanaoleta taa na simu kwa makontena wanaweza kuweka pipa dukani, na mji ukakusanya zikawa mzigo. Wanaotuuzia wanaweza pia kuandika juu ya boksi, kwa Kirundi na Kiswahili, mstari mmoja tu: usiihifadhi ikiwa tupu. Mimi sijaona boksi lenye mstari huo, ilhali ungeokoa betri nyingi kuliko tangazo lolote la ubora.

Kabla sijamaliza, niwape habari ya mbele. Zinakuja betri za sodiamu. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza yake mwaka 2021. Sodiamu haiingii ndani ya alumini kama lithiamu ifanyavyo, kwa hiyo betri hizo hutumia alumini pande zote mbili, shaba haimo, na zinaweza kushushwa hadi sifuri bila karatasi kuyeyuka. Kwa nchi ya delestaji na makabati yenye taa zilizosahauliwa, hilo ni jambo kubwa kuliko kasi ya kuchaji inayosifiwa kwenye matangazo. Ila hazijajaa kwenye maduka yetu, na zilizomo nyumbani mwako leo zina shaba.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, kipindi kikiisha fungua lile kabati. Kuna simu ya zamani, kuna tochi, kuna pawabenki ya mtoto aliyekwenda internati, shule ya bweni. Zilizo hai zipe nusu ya chaji. Zilizokufa siku nyingi usizishtue, zitenge. Na kama una swali kuhusu betri yako, muulize fundi mwenye mita mkononi.